Kufundisha Usanisinuru kwa Mfano wa Mwani: Jinsi Mwani Unavyokusanya Hewa ya Ukaa

Utangulizi

Somo la usanisinuru hufundishwa katika shule zetu zote za msingi, na aghalabu hufundishwa kwa sentensi moja: mmea wa kijani huchukua maji kutoka ardhini na hewa ya ukaa kutoka hewani, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hujitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Sentensi hiyo ni ya kweli. Wanafunzi huikariri, huiandika katika mtihani, na hupata alama. Lakini mwalimu akiwauliza wanafunzi hao hao, "Je, mmea unaoishi ndani ya maji, usioguswa na upepo hata mara moja, huipata wapi hewa ya ukaa?" mara nyingi darasa zima hunyamaza. Ukimya huo ni dalili kwamba maneno yamekaririwa, bali jambo lenyewe halijaeleweka.

Katika makala hii tunakusudia kumwonyesha mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi jinsi ya kulijibu swali hilo, na jinsi ya kulitumia kufundishia. Tutaeleza kwanza jambo lenyewe kwa kirefu kidogo kuliko inavyohitajika darasani, kwa sababu mwalimu hawezi kurahisisha asichokijua. Kisha tutapendekeza somo la vipindi viwili ambalo vifaa vyake hupatikana sokoni na bwawani.

Tunalotaka kusisitiza ni hili: hewa ya ukaa si kitu ambacho mmea hupewa bure bila kikomo. Ni kitu adimu, kinachotafutwa, kinachokusanywa na kulindwa kisipotee, na kazi hiyo ina gharama. Hakuna viumbe wanaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko mwani.

Mwani ni nini?

Kwa watu wa pwani, mwani ni yale majani ya bahari yanayotupwa ufuoni na mawimbi au yanayolimwa kwenye kamba. Katika sayansi neno hili lina maana pana zaidi. Hujumlisha pia ule utelezi wa kijani unaoonekana kwenye mawe ya mtoni na kwenye kuta za matangi, pamoja na viumbe vya seli moja ambavyo havionekani kwa macho ila vikiwa vingi hugeuza maji ya dimbwi kuwa ya kijani. Wote hao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tusiwadharau kwa udogo wao: takriban nusu ya usanisinuru wote unaofanyika duniani hufanyika baharini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na viumbe visivyoonekana kwa macho.

Mfano tutakaoutumia ni wa mwani wa kijani wa seli moja uitwao Klamidomonasi, ambao jina lake kamili la kisayansi ni Chlamydomonas reinhardtii. Huishi katika maji baridi na katika udongo wenye unyevu. Upana wake ni kama mikromita 10, yaani mia moja zikipangwa mstari mmoja hufikia urefu wa milimita moja tu. Una nywele mbili za kuogelea, na ndani yake mna kloroplasti moja yenye umbo la kikombe. Kloroplasti ndiyo karakana ya kijani ambamo chakula hutengenezwa. Wanasayansi wamemchunguza kiumbe huyu kwa miaka mingi, na mengi tunayoyajua kuhusu kukusanya hewa ya ukaa yametokana naye.

Tatizo la kwanza: uhaba majini

Hewa tunayoivuta ina hewa ya ukaa kidogo sana. Katika kila molekuli 10,000 za hewa, kama 4 tu ndizo za hewa ya ukaa, na 2,100 hivi ni za oksijeni. Hata hivyo mmea wa nchi kavu una nafuu, kwani upepo huleta hewa mpya kila wakati, nayo huingia upesi katika matundu madogo ya jani.

Majini hali ni ngumu zaidi. Hewa ya ukaa huyeyuka katika maji, lakini husambaa humo polepole mno, kama mara 10,000 polepole kuliko inavyosambaa hewani. Seli ya mwani ikishatumia hewa ya ukaa iliyo karibu nayo, hukaa ikingoja nyingine ifike. Jua likiwa kali saa sita mchana, mwanga ni tele na maji ni tele, lakini hewa ya ukaa ndiyo inayopungua.

Kuna jambo jingine. Hewa ya ukaa inapoyeyuka majini, sehemu yake huungana na maji na kugeuka kuwa bikabonati. Hii ni jamaa ya magadi soda yanayotumiwa jikoni. Katika maji ya bahari, kwa kila sehemu 100 za kaboni ya aina hii, takriban 90 zimo katika umbo la bikabonati, na hewa ya ukaa yenyewe haifiki sehemu moja. Hapo ndipo penye fumbo. Maji yana akiba kubwa ya kaboni, lakini karibu yote imo katika umbo ambalo haliwezi kutengenezwa chakula moja kwa moja. Tena bikabonati ina chaji ya umeme, na kwa sababu hiyo haipenyi kwa urahisi katika utando wa seli. Hewa ya ukaa hupenya yenyewe. Bikabonati huhitaji kufunguliwa mlango.

Tatizo la pili: mfanyakazi mwenye kasoro

Ndani ya kila kiumbe cha kijani mna kimeng'enya kiitwacho Rubisko. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia. Kazi ya Rubisko ni kuikamata hewa ya ukaa na kuifunga kwenye sukari iliyomo ndani ya seli. Mwili wetu, chakula chetu, mbao za madawati na karatasi za madaftari vyote vina kaboni iliyopitia mikononi mwa kimeng'enya hiki.

Lakini Rubisko ana kasoro mbili. Kwanza, ni mzito wa kazi. Vimeng'enya vingi hufanya kazi yao mara mamia au maelfu kwa sekunde. Rubisko wa mimea ya kawaida hufunga molekuli kama 3 tu za hewa ya ukaa kwa sekunde. Pili, mara nyingine hukosea: badala ya kukamata hewa ya ukaa hukamata oksijeni. Kosa hilo likitokea, seli hulazimika kutumia nguvu kulisahihisha, na katika kulisahihisha hupoteza kaboni ambayo ilikwisha kuifunga. Joto likizidi, makosa huongezeka.

Mwaka 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha, kwa kuutumia mwani uitwao Klorela, kwamba oksijeni ikizidi usanisinuru hupungua. Sababu yenyewe ilieleweka baada ya nusu karne, pale George Bowes na William Ogren, waliokuwa wakifanya kazi na wenzao nchini Marekani, walipoonyesha mwaka 1971 kwamba ni Rubisko mwenyewe anayekamata oksijeni.

Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini kimeng'enya muhimu namna hii kiwe na kasoro. Jibu liko katika historia ya dunia. Rubisko alianza kazi zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, wakati hewa ya dunia ilikuwa na hewa ya ukaa nyingi na oksijeni kidogo mno. Katika mazingira yale makosa yake hayakuwa na madhara. Ni viumbe vya kijani vyenyewe vilivyoijaza dunia oksijeni, na kwa kufanya hivyo vikaifanya kazi ya Rubisko kuwa ngumu.

Jinsi mwani unavyokusanya hewa ya ukaa

Mwani haukumbadilisha mfanyakazi. Ulibadilisha mahali pake pa kazi. Rubisko akizungukwa na hewa ya ukaa nyingi, uzito wake hupungua kwa kuwa hangoji, na makosa yake hupungua kwa kuwa oksijeni imezidiwa. Klamidomonasi hufanya hivyo kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuingiza. Katika utando wa nje wa seli, na tena katika utando wa kloroplasti, mna protini zinazofanya kazi kama milango na pampu. Hizi huipitisha bikabonati kutoka majini hadi ndani. Baadhi yake hutumia nguvu za seli, kama vile mtu anavyotumia nguvu kuvuta maji kutoka kisimani.

Hatua ya pili ni kuweka akiba. Ndani ya kloroplasti kaboni huhifadhiwa katika umbo la bikabonati. Ile sifa iliyoizuia kuingia, yaani kutopenya utando kwa urahisi, sasa huizuia kutoka. Lililokuwa tatizo nje limekuwa msaada ndani.

Hatua ya tatu ni kugeuza. Katikati ya kloroplasti mna donge dogo liitwalo pirenoidi, na ndani ya donge hilo hupita mirija myembamba. Mwanga wa jua unapofanya kazi yake, ndani ya mirija hiyo huwa na tindikali. Bikabonati iingiapo humo, hukutana na tindikali pamoja na kimeng'enya chepesi sana kiitwacho anhidrasi ya kaboni, na mara hugeuka kuwa hewa ya ukaa.

Hatua ya nne ni kufunga. Hewa ya ukaa hupenya kutoka katika mirija na kuingia katika donge la pirenoidi, ambamo sehemu kubwa ya Rubisko wa seli wamesongamana. Hapo huikamata na kuifunga mara moja.

Hatua ya tano ni kuzuia upotevu. Pirenoidi imezungukwa na vibamba vya wanga vinavyoipunguza kasi hewa ya ukaa isitoroke. Ile inayofanikiwa kutoroka hunaswa na protini nyingine zilizo kando ya donge, ambazo husaidia kuirudisha katika umbo la bikabonati ili ipitie njia ile ile tena.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika mfano huu twaweza kuongeza kwamba kibaba chenyewe kisivuje. Kukusanya na kuzuia kuvuja ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, na mwani usiokuwa na moja kati ya hizo haunufaiki sana na nyingine.

Kazi yote hii ina gharama. Nguvu ya mwanga ambayo ingetumika kutengenezea sukari, sehemu yake hutumika kuendesha pampu. Ndiyo maana Klamidomonasi haziendeshi pampu hizo ovyo. Ukikuzwa katika maji yanayopulizwa hewa ya ukaa nyingi, hupunguza sana utengenezaji wa pampu na protini zake. Ukirudishwa katika hewa ya kawaida, huzitengeneza upya kwa muda wa saa chache.

Twajuaje kwamba ndivyo ilivyo?

Swali hili halina budi kuulizwa katika kila somo la sayansi, na mwalimu asilikwepe. Mwaka 1980 Murray Badger, Aaron Kaplan na Joseph Berry walichapisha matokeo ya vipimo vyao juu ya Klamidomonasi. Walipima kaboni iliyomo ndani ya seli na iliyomo majini nje yake, wakaona kwamba seli zilizozoea hewa ya kawaida zilikuwa na kaboni nyingi ndani kuliko kiasi ambacho kingeingia chenyewe bila kuvutwa. Basi lazima kulikuwa na kitu kilichokuwa kikiivuta.

Ushahidi wa pili ulitokana na mwani wenye kasoro. Wanasayansi walipata aina za Klamidomonasi ambazo sehemu moja ya mtambo huu imeharibika. Aina hizo hukua vizuri zikipewa hewa ya ukaa nyingi, lakini katika hewa ya kawaida hudhoofu au hushindwa kukua. Huu ni mfano mzuri wa kumfundishia mwanafunzi namna ya kufikiri: ukitaka kujua kazi ya kitu, tazama linalotokea kitu hicho kikikosekana.

Utafiti haujakoma. Mwaka 2016 watafiti walieleza kazi ya protini iitwayo EPYC1, ambayo huwaunganisha Rubisko pamoja hata wakafanya donge. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba donge hilo si gumu kama jiwe, bali lina tabia ya kimiminiko, na linaweza kugawanyika seli inapogawanyika. Inakadiriwa kwamba takriban theluthi moja ya kaboni yote inayofungwa na viumbe duniani hufungwa ndani ya pirenoidi.

Mifano ya karibu nasi

Mwalimu wa Afrika Mashariki ana mifano mingi ya kumleta mwanafunzi karibu na somo hili.

Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Bogoria na Nakuru nchini Kenya, ndege waitwao heroe hula viumbe vidogo vya rangi ya kijani-buluu viitwavyo spirulina. Maji ya maziwa hayo yamejaa magadi, na hewa ya ukaa iliyo huru humo ni kidogo mno. Spirulina hustawi kwa kuvuta bikabonati. Kwa hakika viumbe hao ni aina ya bakteria, nao badala ya pirenoidi wana vijisanduku vya protini ambamo Rubisko hufungiwa. Lakini shabaha ni ile ile.

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani mwekundu wanaoulima, uitwao na wakulima spinosum, nao huweza kutumia bikabonati ya bahari, ingawa njia yake si ile ya Klamidomonasi. Mtoto ambaye mama yake hufunga mbegu za mwani kwenye kamba ana haki ya kujua kwamba mmea ule nao unafanya usanisinuru, na kwamba kaboni yake hutoka majini.

Mashambani tuna mfano mwingine. Mahindi, mtama na muwa nayo hukusanya hewa ya ukaa, ila kwa kugawanya kazi baina ya aina mbili za seli ndani ya jani. Mpunga, ngano na maharage havina mtambo huo. Kwa sababu hiyo watafiti wanajaribu kuona kama mtambo wa mwani unaweza kuhamishiwa katika mazao. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao walifaulu kuufanya mmea mdogo wa maabara utengeneze donge la Rubisko linalofanana na pirenoidi. Pampu na sehemu nyingine bado zinahitajika kabla mmea haujanufaika, kwa hiyo mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba mpunga wa namna hiyo umekwisha patikana.

Mpango wa somo

Somo hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vipindi viwili vinavyofuatana. Madhumuni ni kwamba mwishoni mwanafunzi aweze: (a) kueleza kaboni ya mimea ya majini inatoka wapi, (b) kuonyesha kwa jaribio kwamba tindikali huigeuza bikabonati kuwa hewa ya ukaa, na (c) kueleza kwa maneno yake faida ya kuikusanya hewa ya ukaa mahali pamoja.

Vifaa: magadi soda, malimau, mshumaa mfupi, kibiriti, bilauri, chupa tatu safi zinazopitisha mwanga, maji yaliyochemshwa na kupozwa, matawi ya mmea unaoishi ndani ya maji, bakuli mbili, na maharage mekundu na meupe yanayolingana ukubwa.

Hatua ya 1: Swali (dakika 10). Mwalimu aulize swali lile tulilolitaja mwanzoni. Aandike ubaoni majibu yote ya wanafunzi, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi, wala asiyahukumu kwa wakati huo.

Hatua ya 2: Limau na magadi soda (dakika 15). Mshumaa uwekwe ndani ya bilauri na kuwashwa. Magadi soda yanyunyizwe kuuzunguka, kisha juisi ya limau imiminwe polepole pembeni bila kuugusa utambi. Povu litatokea, na baada ya muda mfupi moto utazimika. Mwalimu aeleze kwamba tindikali ya limau imeigeuza bikabonati kuwa hewa ya ukaa, nayo imeisukuma oksijeni mbali na moto. Kisha aseme wazi: jambo hili hili hutendeka ndani ya mwani, ila huko tindikali haitoki katika limau, hutokana na kazi ya mwanga wa jua.

Hatua ya 3: Mmea wa majini (dakika 30). Maji yachemshwe siku moja kabla ya somo, yapoe yakiwa yamefunikwa, kwa kuwa kuchemsha huondoa hewa iliyoyeyuka. Chupa A itiwe maji hayo peke yake. Chupa B na C zitiwe maji hayo hayo pamoja na magadi soda, kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa lita moja. Katika kila chupa liwekwe tawi la mmea lililokatwa upya, ncha iliyokatwa ikielekea juu. Chupa A na B ziwekwe juani; chupa C ifunikwe kwa kitambaa cheusi na kuwekwa kando yao. Baada ya dakika 10 wanafunzi wahesabu mapovu yanayotoka katika ncha ya kila tawi kwa dakika moja, mara tatu, na kuandika hesabu katika jedwali. Chupa C ihesabiwe upesi mara ifunuliwapo. Tawi la chupa B litatoa mapovu mengi kuliko la A, na la C litatoa machache mno au halitatoa kabisa. Mwalimu alifanye jaribio hili peke yake kwanza, maana si kila mmea wa majini unaoweza kutumia bikabonati.

Hatua ya 4: Mchezo wa maharage (dakika 15). Bakuli la kwanza liwe na maharage meupe 95 na mekundu 5. La pili meupe 50 na mekundu 50. Mekundu ni hewa ya ukaa, meupe ni oksijeni. Mwanafunzi mmoja, aliyefungwa macho, awe Rubisko. Achukue haragwe moja moja mara 20 katika kila bakuli, akirudisha kila mara, na wenzake waandike. Kisha mwalimu aulize: "Bila kumfungua macho mwenzenu, tufanye nini ili apate mekundu mengi zaidi?" Wanafunzi wakijibu kwamba mekundu yaongezwe, watakuwa wamegundua wenyewe kile ambacho mwani hufanya.

Hatua ya 5: Muhtasari (dakika 10). Darasa lirudi kwenye majibu yaliyoandikwa ubaoni, na wanafunzi wenyewe wayasahihishe.

Mambo ya kuangaliwa

Mapovu yanayotoka katika tawi ni ya oksijeni kwa sehemu kubwa, wala si ya hewa ya ukaa. Wanafunzi huchanganya jambo hili kwa urahisi, hasa baada ya kuona povu la limau. Mwalimu aweke tofauti hiyo wazi.

Mmea wa majini wenye shina na majani si mwani. Tunautumia kwa sababu mapovu yake huhesabika. Tena jaribio lake linaonyesha kwamba mmea hunufaika na kaboni ya magadi soda. Halithibitishi kuwapo kwa pampu wala pirenoidi. Hayo yalithibitishwa kwa vipimo vya maabara. Mwalimu atakayedai kwamba jaribio limethibitisha zaidi ya lililothibitisha atakuwa amewafundisha wanafunzi wake tabia mbaya ya kisayansi.

Katika mchezo wa maharage, Rubisko wetu hachagui kabisa. Rubisko wa kweli huipendelea sana hewa ya ukaa. Tatizo ni kwamba hewani oksijeni huizidi kama mara 500.

Mwisho, mwalimu achunge lugha yake. Tumesema mwani "hukusanya" na "huzuia", lakini mwani haufikiri wala haukusudii. Ni viumbe vilivyokuwa na uwezo huo ndivyo vilivyoendelea kuishi na kuzaana pale hewa ya ukaa ilipokuwa adimu.

Hitimisho

Tumeona kwamba ile sentensi fupi ya kitabuni ina kazi nyingi ndani yake. Hewa ya ukaa haiingii tu; huvutwa, hubadilishwa umbo, hupelekwa mahali maalumu na kulindwa. Hatusemi kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi ajue majina ya protini zote. Twasema kwamba ajue kuna tatizo, aone kwa macho yake sehemu ya utatuzi wake, na awe na ujasiri wa kuuliza swali linalofuata. Mwalimu anayefundisha hivyo hatakuwa na haja ya kuogopa ukimya wa darasa, kwani hata ukimya utakuwa wa watu wanaofikiri.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Kwa nini bikabonati inafaa kuwekwa akiba ndani ya kloroplasti kuliko hewa ya ukaa yenyewe?

2. Eleza kwa nini mwani uliopewa hewa ya ukaa nyingi hupunguza kutengeneza pampu zake. Tafuta mfano wa maisha ya kila siku unaoweza kumsaidia mwanafunzi kulielewa jambo hili.

3. Shule iko mbali na bwawa, mto na bahari. Panga somo hili upya kwa kutumia Hatua ya 2 na ya 4 peke yake. Ni madhumuni yapi yatafikiwa, na yapi hayatafikiwa?

4. Mwanafunzi anasema: "Kama kuchemsha maji kunaondoa hewa, basi samaki na mwani wote wangekufa katika maji hayo." Utamjibuje, na utampendekezea jaribio gani?